Sehemu Isiyo na Maneno

Mabatini, Mwanza
4 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Mvua imeanza, njia ya kushuka sokoni imekuwa tope tupu, na wateja wa kushona wamepungua kwa sababu hakuna anayetaka kupanda huku kwetu. Baba watoto, Rwezaura, mguu umepona, ameanza tena kazi ya ulinzi. Watoto wako shule. Benadeta anakusalimu sana.

Simu yako haipatikani tangu Krismasi. Nilimpigia jirani yako Elieza, akasema uko mzima, unapalilia maharage. Nikamwomba akupe simu tuongee, akasita, kisha ikakatika. Basi nimeandika kama zamani. Barua nampa Telesfori, amekuja kushusha ndizi na kesho anarudi Nyaishozi.

Nina jambo. Kikundi chetu cha Tweyambe unakikumbuka, kina mama kumi na wawili wa Karagwe na Kyerwa, tulioanza kwa kuzikana tu. Siku hizi tunaimba kwenye sendofu za mabinti, na mtaa unatujua. Mwezi wa saba kutakuwa na tamasha la mtaa kwenye uwanja wa shule. Wasukuma wataleta ngoma yao ya majembe, vijana wana sarakasi yao, kwaya zipo nne. Mzee Anastazi, mwenyekiti wa kamati, amesema kila kikundi kilete kitu kimoja cha kwao kabisa, cha zamani, si nyimbo za kinanda ambazo kila mtu anazo.

Wote tulisema neno moja: wimbo wa mlangoni. Ule mnaouimba bibi harusi, omugole, akiwa amesimama mlango wa kwao, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi mwenyewe mlinitoa nao mwaka 2009, lakini nilikuwa nalia, sikushika kitu. Wenzangu ni hivyo hivyo, kila mmoja ana kipande. Wewe ndiye unao wote. Njoo utufundishe, shangazi. Wiki moja tu. Nauli na kila kitu juu yetu.

Mwanao,
Joanitha


Nyaishozi, Karagwe
29 Machi 2024, Ijumaa Kuu

Mwanangu Joanitha,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwenye gari la Telesfori wiki tatu, gari lilikuwa limekufa gia. Nimeipokea jana. Mimi ni mzima. Kibanja kimeshika maji vizuri, migomba ya upande wa baba yako imezaa, maharage yameliwa kidogo na wadudu. Mwambie Rwezaura pole ya mguu.

Simu imeharibika. Usihangaike nayo.

Kuhusu kuja, haiwezekani. Nani atabaki na kibanja? Na mimi siimbi tena harusini. Umri umekwenda, nimewaachia wengine.

Maneno nimekuandikia kwenye karatasi ya pili, yote, kwa Kinyambo, kama nilivyoyapokea kwa mama yangu. Kuna sehemu tatu. Ya kwanza anaimba kiongozi peke yake. Ya pili wanajibu rafiki za mama wa omugole. Ya tatu haina maneno, ndiyo maana utaona nimeacha mistari mitupu. Pale kina mama wanavuta sauti tu, inashuka, inakaa, inapanda kidogo, na omugole hatoi mguu wa pili mpaka sauti imekaa. Huo ndio wimbo wenyewe. Haya mengine ni ya kumwandaa tu.

Hiyo siwezi kuiandika. Lakini kwa nini unaniuliza mimi? Benadeta anayo. Alikuwa anajibu pamoja nami na marehemu Kokushubira tangu ana miaka kumi na mitatu. Tangu Kokushubira afariki, tumebaki watu wawili tunaoijua sehemu ya tatu, mimi na mwanangu. Naye yuko nyumbani kwako.

Mwambie aniandikie kwa mkono wake. Salamu za kuletewa na mtu mwingine nimezichoka.

Shangazi yako,
Placidia


Mabatini
20 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo tena. Asante kwa maneno. Niliwasomea kikundi, mama mmoja alilia.

Nimekutumia simu ndogo kwa Telesfori, laini imo na vocha imo. Iwashe tu.

Benadeta yupo. Kazi zimembana, unajua mambo ya mjini. Ile sehemu ya tatu anasema bila wewe hana uhakika nayo. Ndiyo maana nasisitiza uje. Elieza atakuangalizia kibanja, nimeshaongea naye. Shangazi, njoo umwone mwanao akiimba mbele za watu. Atakuwepo. Nakuahidi mimi.

Mazoezi ni kila Jumapili nyuma ya duka langu. Majirani wameanza kuja kusikiliza, mpaka Wasukuma wenyewe. Nikiwaangalia hawa kina mama, wauza dagaa, wafua nguo, wanavyosimama pale na kuimba Kinyambo bila aibu, nasema hata kama sikufanya lolote lingine hapa mjini, hili nimelifanya.

Joanitha


Nyaishozi
2 Juni 2024

Mwanangu,

Simu nimeipokea. Nimeiweka kwenye sanduku.

Nitakuja. Nitapanda na Telesfori tarehe nne Julai, tutafika kesho yake. Siji kufundisha, usiwaahidi watu. Nakuja kumwona Benadeta.

Placidia


Mabatini
18 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Telesfori ameniambia ulifika salama na mgongo ulikuuma njiani. Pole sana.

Nimekaa siku kumi nikitafuta namna ya kuanza barua hii. Uliondoka Jumapili asubuhi bila kunywa chai. Najua ulikasirika. Nilikuahidi Benadeta, hukumkuta. Nilikwambia amesafiri Geita kikazi, ukaniangalia mdomo muda mrefu, ukasema, "Sawa." Baada ya hapo hukusema nami tena. Nilikuita mara tatu ukiwa umekaa uani, hukugeuka. Nikasema nafsini mwangu, ana haki.

Lakini shangazi, Jumamosi ile. Tulivyopanga mstari wetu na zile kanga za kahawia, uwanja wote ulinyamaza. Tulimsimamisha binti wa mama Kembabazi kwenye fremu ya mlango aliyotutengenezea seremala. Niliimba sehemu ya kwanza nikikutazama wewe tu, pale kiti cha mbele, mikono juu ya magoti. Sehemu ya tatu tuliitunga kwa vipande vyetu, huyu anakumbuka mwanzo, yule anakumbuka mwisho. Sijawahi kuogopa vile. Na yule binti alipotoa mguu wa pili, watu walisimama. Mzee Anastazi alikuwa anafuta macho.

Nilikuja mbio, nikapiga magoti mbele yako, nikakuuliza, "Tumeupata?"

Ukaniangalia, ukasema, "Ndivyo hivyo. Ndivyo hivyo hivyo."

Hayo maneno nimeyashika. Hata kama una hasira nami, hayo uliniachia.

Mwanao,
Joanitha


Mabatini
9 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu barua ya Julai. Telesfori anasema aliiweka mkononi mwako. Nimejaribu ile simu kila wiki, haipatikani.

Sisi tunaendelea. Baada ya tamasha tumeitwa kwenye sendofu sita, hata za watu wasio wa kwetu. Video ya ule wimbo imesambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Kagera. Kuna kikundi cha Nyakato kimetuomba tukifundishe, na mwalimu mmoja anataka kuwafundisha watoto wa shule ili mwakani waimbe kwenye tamasha. Sehemu ya tatu sasa inaimbwa na watu ambao hawajawahi kuiona Karagwe.

Jambo moja limeniudhi, nikueleze. Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja wa Kyerwa, anaishi kwa mwanawe Nyegezi. Alikaa mazoezini mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno ni yenyewe. Lakini hii sauti yenu ya mwisho siyo. Hii ni kama ya kubembeleza mtoto." Nikamwambia atuimbie basi ilivyo. Akasema hakumbuki, ila anajua siyo hiyo. Kina mama wakanigeukia. Nikamjibu mbele yao kwamba shangazi yangu Placidia wa Nyaishozi, ambaye hakuna omugole wa Nyaishozi hadi Rugu ambaye hakumtoa mlangoni, alikaa kiti cha mbele akatusikiliza, na akasema ndivyo hivyo hivyo. Bibi akaomba radhi, akaondoka.

Niandikie mstari mmoja tu nikawasomee, ili jambo hili liishe.

Joanitha


Nyaishozi
1 Oktoba 2024

Mwanangu Joanitha,

Marahaba. Mvua za vuli zimeanza. Elieza amepata mjukuu. Ng'ombe wa watu wa mbugani waliingia kwenye maharage ya Kituntu, kukawa na ugomvi, umekwisha. Mimi mwili ni mzima.

Mtafute yule bibi wa Kyerwa, umwombe radhi wewe. Pengine amesema kweli. Mimi sijui. Sikusikia kitu siku ile.

Aprili ya mwaka jana niliwaambia nina malaria. Haikuwa malaria. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, nililala siku kumi na moja bila kujitambua. Nilipoamka niliona Elieza anafungua mdomo na kufunga, nikadhani ananitania. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa. La kulia lilibaki na mvumo kama wa nyuki, nikisogea karibu nilipata neno moja moja. Kabla ya Krismasi na huo mvumo ukaondoka. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba sisikii tena na sitasikia. Simu haikuharibika. Nilimpa Elieza. Yeye na Telesfori niliwaapisha wasikwambieni.

Sikuficha kwa sababu ya aibu ya masikio. Nilificha kwa sababu ya Rugu. Septemba ile waliniita nimtoe binti yao. Nikasema, masikio yamepungua lakini wimbo uko kichwani, nitaimba. Niliimba sehemu ya kwanza, nikaona mama wa omugole ameangalia chini. Nikaendelea. Wale wanaojibu wakaacha, mmoja mmoja. Nyuma vijana walikuwa wameziba midomo. Mtu akanishika mkono, akanikalisha kama mtoto. Omugole alitoka mlangoni bila sehemu ya tatu. Tangu siku hiyo sijaimba, hata kanisani.

Kichwani ninao mzima, Joanitha. Ninausikia kila siku nikiwa kwenye migomba, na sauti ya Kokushubira imo. Nikifungua mdomo sijui kinachotoka.

Mngeweza kuwa nao kwenye simu zenu. Ni mimi niliyekataza kurekodi. Niliwafukuza vijana harusini, nikasema huu si wimbo wa kubebwa mfukoni. Hilo nalo ni langu.

Pale kwenye kiti cha mbele niliona midomo, nikahisi ngoma kwenye nyayo. Niliangalia vifua vyenu vinavyopanda na kushuka, nikajaribu kujua sauti iko wapi, sikuweza. Kisha ukaja, ukapiga magoti kwenye vumbi, nikaona mdomo wako unauliza. Uso wako ulikuwa kama siku ile ya 2009. Nikasema nilichosema. Nilidhani nakupa kitu. Sasa unaniambia kinafundishwa shuleni.

Sikuondoka kwa hasira. Sikusikia uliponiita.

Nimekwambia la kwangu lote. Sasa nijibu, Benadeta yuko wapi? Ukisema Geita tena sitakuandikia.

Placidia


Mabatini
10 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Ulikuwa nyumbani kwangu siku mbili, nikakupikia, nikakutandikia kitanda, na sikuona. Niliona hasira tu, kwa sababu nilijua nimekukosea.

Benadeta hakusafiri. Nilimfukuza.

Ilikuwa Novemba mwaka jana. Alikuwa ameanza kusali kwenye kanisa moja dogo, watu wasiozidi thelathini. Siku moja alirudi, akachukua kanga ya kikundi na njuga, akaviweka kwenye beseni mbele yangu, akasema hataimba tena nyimbo zile, zinamfunga mtu na wafu. Alisema kwa upole. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nilimwambia achague, nyumba yangu au kanisa lake. Sikudhani angechagua. Alifunga nguo zake mchana ule ule.

Nilipokuandikia mwezi wa tatu kwamba anakusalimu, sikuwa nimemwona miezi minne. Nilidhani ukija atasikia na atarudi, nawe hutajua kamwe.

Baada ya barua yako nilimtafuta. Nilimpata Buhongwa. Shangazi, kaa chini ndipo usome. Ameolewa. Aliolewa Januari na mwanamume wa kanisa lao, na ana mtoto wa kike wa miezi miwili, anaitwa Joviness. Alitokea chumba cha kupanga kwenda chumba kingine cha kupanga, na hakuna aliyemsimamia mlangoni. Nilimwuliza kwa nini hakukuita. Akasema alikupigia simu wiki mbili mfululizo, hukupatikana. Akajua nimekwambia mabaya yake na umemkataa.

Nikampa barua yako. Aliisoma amesimama, mtoto mgongoni. Akaniuliza, "Tangu Aprili ya mwaka jana?" Nikasema ndiyo. Alinifungulia mlango, nikatoka.

Kina mama wa Tweyambe niliwaambia ukweli Jumapili iliyofuata. Nusu walisema tunyamaze, watu wameshaupenda. Nusu walisema ni aibu, tumewauzia watu kitu cha kubuni kwa jina la mtu asiyesikia. Maneno yalikuwa makali. Sasa tumerudi kwenye kuzikana tu, na hata hapo wanne wametoka. Ile fremu ya mlango iko nyuma ya duka, naanikia nguo. Lakini wa Nyakato wanauimba, na mwalimu anasema watoto wameushika vizuri. Nilipomweleza alicheka, akasema, "Mama, nani atajua?"

Sijui nikuombe radhi kwa lipi nianze.

Joanitha


Nyaishozi
15 Desemba 2024

Mwanangu Joanitha,

Marahaba. Senene mwaka huu ni wachache. Kahawa nimechuma, inaanikwa.

Benadeta alikuja. Alishuka barabarani Jumanne na mtoto, Elieza ndiye aliyemwona. Mimi nilikuwa jikoni, nikainua macho nikamkuta amesimama ananitazama. Sijui alikuwa amebisha hodi mara ngapi.

Alikaa siku tano. Alifua mablanketi yote, akapunguzia migomba majani, akatengeneza paa la jiko. Mtoto nilimbeba mimi. Akilia najua kwa jinsi anavyotetemeka mgongoni, basi nambembeleza kwa kutembea, maana sauti yangu siiamini. Alikuwa na daftari la shule alilonunua hapo senta, tukawa tunaongea kwa kuandika. Aliandika habari za mumewe, kwamba ni fundi umeme na hampigi. Niliandika habari za homa. Aliandika, "Nilidhani umenikataa." Niliandika, "Nilidhani umenisahau."

Siku ya nne nilimwomba. Niliandika kwamba sikuombi uimbe kanisani wala mbele za watu, wala sikuombi uache imani yako. Niimbie mimi sehemu ya tatu hapa mezani, mara moja. Sitasikia. Lakini wewe pumzi yako naijua tangu ukiwa mtoto, nilikufundisha mimi mahali pa kuvuta na mahali pa kukata. Nitaangalia kifua chako, nami kichwani nitakuwa naimba, na tukimaliza pamoja nitajua kwamba ipo duniani mahali pengine zaidi ya kichwani mwangu. Nilijaza ukurasa mzima.

Alisoma. Kisha akaandika, "Nimeisahau, mama."

Nilimtazama usoni. Miaka ishirini nimemtazama usoni nikimwongoza, nilijua atakosea kabla hajakosea. Safari hii sikuona kitu. Inawezekana ameisahau kweli, mwaka mzima bila kuimba na mtoto juu. Inawezekana aliniona nimezeeka, akaona bora anipe jibu ambalo halina ugomvi, kama nilivyokufanyia wewe pale uwanjani. Sikumwuliza tena. Alichukua mtoto mgongoni mwangu akaenda kumwogesha.

Ameondoka jana. Nilimsindikiza mpaka mlangoni tu.

Kuhusu watoto wa shule, usigombane na mwalimu. Hakuna wa kuwaambia ilivyo, basi waacheni waimbe hiyo waliyo nayo. Ila nenda ukamwambie yeye na wa Nyakato jambo moja, na ulisisitize. Wasiseme imetoka kwa Placidia wa Nyaishozi. Waseme wameitunga wenyewe.

Radhi yako nimeipokea. Usije kwanza, nitakuandikia.

Shangazi yako,
Placidia